Mpiga picha kala hela ya mahafali, katuletea jua linalozama baharini Coco Beach

Wakuu, heshima kwenu. Simtaji mtu jina na wala siombi msaada wa kumtafuta. Studio yake naijua, namba yake ninayo, na hela yangu anayo yeye. Nafungua uzi kwa sababu nimechoka kuambiwa "dada punguza hasira, ni picha tu".

Mdogo wangu ndiye wa kwanza kwetu kuvaa joho. Ada yake ya sekondari imelipwa na kahawa ya bibi kule Mbinga, na hata chuoni ilikuwa hivyo hivyo mpaka boom la Bodi ya Mikopo lilipoanza kuingia. Bibi huyo huyo alipanda basi kuja Dar kwa ajili ya siku moja, akashuka kituo cha Magufuli pale Mbezi miguu imevimba, kesho yake akavaa kitenge kipya na kukaa juani tangu asubuhi akimsubiri mjukuu wake atoke. Katika picha mia na ushee nilizoletewa, bibi yumo kwenye moja. Yuko pembeni kabisa, kakatwa. Umebaki mkono wenye pochi na upande mmoja wa kitenge.

Halafu mtu ananiambia ni picha tu! Nchi hii noti yake ya shilingi 500 ya mwaka 2010, ile yenye sura ya Karume, nyuma waliweka wahitimu na ukumbi wa Nkrumah wa pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Joho kwetu ni jambo zito, na kila mpiga picha wa mjini analijua hilo anapopanga bei.

Na msidhani nilikurupuka. Nilimtafuta mapema kabla msimu haujachanganya. Tukakubaliana laki nne: saa mbili za kupiga, picha arobaini zilizosafishwa, albamu, fremu moja kubwa ya sebuleni, na droni juu. Nikamtumia kishika uchumba laki mbili, nikaongeza na ya kutolea. Akanijibu kwa sauti, ninayo mpaka leo: "Usijali dada yangu, siku hiyo ni ya kwenu tu."

Nikamwandikia ratiba. Saa kumi jioni, chini ya miti ya pale chuoni. Wa kwanza bibi na mhitimu, wawili peke yao, kabla bibi hajachoka. Kisha mama, kisha shangazi waliotoka Songea, kisha ukoo mzima, marafiki wa darasani mwisho kwa sababu wao wana nguvu za kusimama. Baada ya hapo Coco Beach, mhitimu peke yake. Akajibu "poa" na kidole gumba.

Kwa nini saa kumi? Kwa sababu Novemba hapa Dar saa sita na saa saba jua liko karibu utosini, na kofia ya mahafali ni kibao bapa kilichotokeza mbele ya paji la uso. Jua likipiga juu ya kile kibao, macho na pua vinaingia gizani, kidevu kinang'aa. Hili halihitaji chuo, simama tu juani na kofia yako ushike kioo. Nilimweleza, akasema anajua, kazi hii kaianza zamani.

Siku yenyewe saa saba kasoro simu inaita. "Dada, ratiba imebana, walete sasa hivi, kijana wangu yuko hapo ukutani." Kijana? Nikadhani anatania. Tunafika tunakuta foleni ya majoho mbele ya ukuta mmoja, familia tano zinasubiri, kila moja na maua yake, moja na matarumbeta kabisa yanatupigia masikioni. Nikawauliza wale wenzetu mna miadi ya saa ngapi. Wote: jioni, saa kumi. Wote waliambiwa siku hiyo ni ya kwao tu.

Kijana mwenyewe simlaumu sana, alikuwa analowa jasho na kamera ya kuazimwa. Hakuwa na flashi, hakuwa na hata kile kitambaa cheupe cha kurudishia mwanga usoni. Ratiba yangu hajaiona wala kuisikia. Alipanga watu kwa kuwasukuma mabega, akapiga fasta, "wengine!" Na hapa ndipo damu inaponichemka: binamu yetu alikuwa anapiga na simu yake pembeni, akafukuzwa. "Wenye simu pisheni, mnaharibu pozi." Bibi naye akajiona ni miongoni mwa wanaotakiwa kupisha, akasogea. Tulipomrudisha, picha za ukoo zilikuwa zimeshapigwa isipokuwa ile moja niliyowaambia.

Droni haikuja. Nilipouliza akasema kibali. Kweli droni Tanzania inataka vibali, Mamlaka ya Usafiri wa Anga wamo na Wizara ya Ulinzi wamo, si kitu cha kurusha kama tiara. Ila hilo lilikuwepo tangu siku anaiandika kwenye bango lake, na bei yake imo kwenye laki nne.

Coco Beach alikuja mwenyewe. Tumesubiri kwenye gari mpaka mwanga unakwisha, na Novemba jua linazama saa kumi na mbili na robo hivi, halikuongezei muda kwa sababu ulikuwa na wateja Mbagala. Kafika, neno la kwanza: malizia hela ndipo nitoe kamera. Mama akasema mpe tu mwanangu, joho kesho linarudishwa. Nikampa. Risiti nikaomba, akacheka. Kapiga chache, giza limeingia, akafunga begi: "Zilizobaki nitazitengeneza kwenye kompyuta."

Kweli kazitengeneza.

Wakuu, naomba mnisikilize kwa hili la jua. Kaleta picha mdogo wangu kasimama Coco Beach, mgongo baharini, na nyuma yake jua jekundu kubwa kama sinia linazama kwenye maji. Coco Beach inatazama mashariki. Pale jua linachomoza baharini alfajiri, jioni linazama upande wa Kinondoni, nyuma ya wauza mihogo. Hakuna mtu aliyewahi kuona jua likizama kwenye maji pale tangu Mungu aumbe Oysterbay. Na hata ungekuwa mgeni, kivuli cha mdogo wangu kimelala kuelekea hilo hilo jua! Mjomba, ambaye ni mvuvi mstaafu, kaitazama picha ile muda mrefu akauliza: "Hii ni nchi gani?"

Ubaya zaidi ni kwamba ile nafasi ilikuwa ya bure. Jioni pale ukimpanga mtu mgongo baharini, mwanga laini wa magharibi unamjia usoni wenyewe, huhitaji kompyuta wala jua la bandia. Unahitaji kufika saa kumi na moja tu.

Kisha rangi. Mdogo wangu ni mweusi kama mimi na mama yetu, weusi wa kung'aa. Kwenye picha kapakwa mkorogo wa kompyuta, uso wa maji ya kunde, shingo ya kwake. Mikono iliyoshika cheti ni ya mtu wa tatu. Mama kafutwa mikunjo yote mpaka anaonekana mdogo kuliko mimi. Nani aliagiza? Nilimwambia asafishe vumbi na jasho, basi.

Na zote hizo kazituma WhatsApp, kama picha za kawaida, zimebanwa, logo ya studio imekatiza kifuani. Nataka kuchapa ya ukutani. Karatasi ya A4 tu ikichapwa vizuri kwa nukta 300 kwa inchi inataka pikseli 2,480 kwa 3,508. Alizonitumia ukizikuza ni mosaiki. Nikamwambia niwekee kwenye flashi diski, au zitume kama dokumenti zisibanwe. Jibu: "Original huwa hatutoi dada, ni sera ya ofisi." Ofisi ni chumba kimoja nyuma ya saluni. Albamu "iko kwa mchapaji". Fremu ndiyo sijui iko kwa nani.

Wakati mimi nabembeleza, yeye kashaiweka ile ya jua kwenye ukurasa wake kutangaza biashara, na bei mpya juu. Hakuna aliyemuuliza mdogo wangu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Sura ya mtu si bango lako.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu, nawajibu kwa pamoja.

Wapiga picha mliokuja juu: "msimu ni mfupi dada, vyuo vyote Novemba na Desemba, tusipokula sasa tutakula lini?" Nawaelewa. Mvua za vuli nazo zinawaharibia siku, hilo nalo najua. Lakini tupige hesabu pamoja. Mwanga mzuri wa jioni ni kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili. Pakeji yake ni saa mbili. Hapo anatosha mteja mmoja, wawili wakigawana. Yeye kauza saa hizo hizo kwa familia sita, na anajua tangu siku ya kupokea hela kwamba watano watapigwa saa saba ukutani na kijana. Msimu mfupi haukumlazimisha kusema "ni ya kwenu tu". Angesema "nina nafasi ya saa saba, ni laki moja na nusu", wapo wangechukua, na hakuna ambaye angekuwa na neno.

Mkuu uliyesema sina mkataba kwa hiyo sina kesi: Sheria yetu ya Mikataba hailazimishi kila makubaliano yaandikwe. Nina meseji zake, nina sauti yake, nina ujumbe wa muamala wenye jina lake kamili. Mahakama ya Mwanzo si mbali na kwangu, na mjumbe wa mtaa wake nimeshaongea naye.

Na wewe uliyeshauri tukodi joho tena turudie: chuo wanalitaka joho kwa tarehe yao, ukichelewa ni faini. Hata tukilipata la kuazima, bibi kesharudi Mbinga, ni kilomita zaidi ya elfu moja, na magoti yale hayapandi basi tena mwaka huu.

NYONGEZA YA PILI: Kapiga simu leo mchana, nadhani uzi umemfikia. Kashusha sauti, "dada yangu haya mambo tungeyamaliza kifamilia". Nikamwambia vizuri, nataka mafaili yote kama yalivyotoka kwenye kamera, laki moja na nusu ya albamu, fremu na droni, na ile picha ishuke kwenye ukurasa. Akakubali kushusha picha. Kuhusu hela akasema tutaongea. Kuhusu bibi akasema hilo ni dogo kabisa, nimtumie hata picha ya kitambulisho chake cha mpiga kura, atamweka pale katikati na hakuna atakayejua.

Nimemwambia amuweke na jua lizame nyuma yake. Jumatatu tunaonana kwa mjumbe.