Kwenda msitu wa Amani na kikundi, na vijana wa WhatsApp, au kujiendea mwenyewe? Naomba uzoefu wenu

Mama Shani, Mabawa
Wana Tanga, habari za Jumapili. Nina miaka 44, kazi yangu ni ya kukaa dirishani kutwa nzima nahesabu hela za watu, na daktari kanitaka nitembee. Nikizunguka Raskazone jioni nakutana na wateja, soga inaanza, na mazoezi yameishia hapo. Nikaona nijaribu milima, safari za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Nimepata njia tatu. Kuna kikundi chenye uongozi, kinatoka Jumamosi moja kila mwezi. Ada ya mwaka 30,000, na kila safari ina mchango wake. Ya Amani ni 65,000, humo gari, kiingilio, mwongozaji na chakula cha mchana. Kuna kundi la WhatsApp la vijana wa mjini, halina ada, mnachangia mafuta na kiingilio, inakuja kama 35,000 na chakula ubebe chako. Au nijiendee na shoga yangu kwa basi hadi Muheza, tupande gari za Amani, mwongozaji tumchukue huko huko.

Goti langu la kushoto lina historia. Na sipendi kuwa mzigo wa mtu. Mnasemaje?

Mgosi wa Chumbageni
Dada, mie nimezipita zote tatu. Hiyo ya kujiendea inaonekana nafuu mpaka uipigie hesabu. Gari za Amani pale Muheza hazina haraka na mtu, mpaka zijae. Ni karibu kilometa 35 za kupanda, vumbi wakati wa jua na utelezi wakati wa mvua. Mtafika saa nne na nusu, na saa nane mmeshaanza kuulizia usafiri wa kushuka. Mwongozaji naye analipwa kwa safari: muwe wawili, muwe kumi, bei yake haitofautiani sana. Kiingilio ni cha serikali, unapewa kumbukumbu namba unalipa kwa simu, kwa hiyo salio liwemo kabla hujaondoka Muheza.

Ila nikuambie kitu kimoja kuhusu waongozaji wa kule. Kundi la vijana nimepita nalo ukingo wa mto Sigi mara tatu, mwendo wa kufukuzana, nikaona mawe na maji. Mara ya nne nilikuwa na mwongozaji mzaliwa wa kule. Akasimama kwenye jiwe lenye kivuli, akainua jani kwa ncha ya fimbo. Chini yake ua la zambarau, dogo, kiini cha njano, na majani yana manyoya kama sikio la paka mchanga. Ndilo hilo Wazungu wanalofuga kwenye vyungu madirishani. Mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya hapa kwetu Tanga, Saint Paul-Illaire, alilituma kwao kwa baba yake, na mwaka uliofuata wataalamu wakaliita Saintpaulia. Wenyeji walilijua miaka yote hiyo, lakini jina kachukua yeye!

Kijana wa Makorora
Mie nimo kwenye makundi hayo ya mafuta tu, acha niyatetee kidogo. Hatuna kadi wala mwenyekiti, na raha yake ndiyo hiyo. Ukiwa na hela unakuja, huna tunakuona mwezi ujao. Mwendo ni wa kasi, sikatai. Kwa anayeanza ningesema asianze na Amani, aanze na Magoroto, hapo hapo wilaya ya Muheza. Ziwa lipo, kivuli kipo, njia za kulizunguka hazina mwinuko wa kutisha, na ukichoka unakaa ukingoni unakula machungwa yako.

Bi Mwana wa Ngamiani
Mwanangu Mama Shani, mie nina 58, nisikilize.

Miaka miwili nyuma nilikwenda Amani na kikundi cha kulipia, sikitaji jina. Tulikuwa watu 31 na mwongozaji mmoja, yuko mbele. Tulipotoka msituni tukaingia mashamba ya chai. Anayeyajua yale mashamba ananielewa: vijia vyote vinafanana, kushoto chai, kulia chai. Siafu akaniingia kwenye suruali. Nikainama kumtoa, wala haikuchukua dakika mbili tatu. Nainua kichwa, kimya. Ukungu nao ukashuka, hata mwisho wa mstari wa chai siuoni. Simu haina mtandao.

Nikafuata kijia kimoja nikakutana na mama mchumaji anarudi na kapu lake. Akaniambia, "Usiende popote mama, kaa hapa njia panda, wakikumbuka watarudi hapa." Nikakaa juu ya jiwe karibu saa nzima. Kilichoniuma si kupotea. Walipokuja nikauliza wamejuaje kuwa sipo, kijana mmoja akajibu bila hata kuficha: wameshapakua chakula, sahani moja ya wali ikabaki haina mwenyewe.

Kwa hiyo usiwaulize bei, usiwaulize gari lina viti vingapi. Waulize nani anatembea wa mwisho. Wakikujibu "kila mtu anajitahidi", ficha 65,000 yako.

Fundi Baiskeli
Mnampeleka mtu mbali wakati mapango ya Amboni yapo kilometa 8 tu kutoka mjini. Tanga hii nani hana baiskeli? Aende asubuhi, aingie na mwongozaji wa pale, anainama, anapanda, anashuka, goti litajieleza lenyewe. Na asidanganywe na hadithi ya mbwa aliyeingia Amboni akatokea Kilimanjaro. Walipopima mwaka 1994 hata lile refu kuliko yote halikufika kilometa moja.

Kijana wa Makorora
Fundi, hadithi ya mbwa tuachie bwana 😂

Bi Mwana, umenishika. Nimekaa nikawaza, kwetu wa mwisho ni yeyote aliyechoka zaidi. Yaani yule ambaye ndiye wa kuangaliwa.

Mama Shani, Mabawa
Yarabi, ile sahani ya wali imenikosesha usingizi. Na Lushoto je? Naona picha za jabali la Irente kila siku.

Mgosi wa Chumbageni
Lushoto usiende kwa siku moja. Ni zaidi ya kilometa 150 kutoka hapa, na kutoka Mombo kupanda ni kona juu ya kona. "Waja leo waondoka leo" ni ya Tanga mjini. Lushoto ukalale.

Kuhusu goti: kupanda hakuna shida sana, shida iko kwenye kushuka. Chukua fimbo, teremka kwa hatua fupi. Viatu tafuta vya mtumba vyenye meno, na uache nafasi mbele, maana ukishuka vidole vinagonga na kucha zinatoka nyeusi. Machi mpaka Mei kaa nyumbani, masika ya Amani hayana utani. Juni kwenda mbele njia inakauka.

Mama Shani, Mabawa
Nimerudi na majibu. Kundi la vijana niliwapigia simu, wakacheka, wakasema mama njoo tu tutakubeba. Nimewapenda, ila hapana.

Kikundi cha kadi nikauliza swali la Bi Mwana. Yule kaka akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema wa mwisho ni muuguzi mstaafu, ana filimbi na orodha ya majina, na hapitwi na mtu. Kila njia panda wa mbele anasubiri mpaka amwone yeye. Nikauliza mnakuwa wangapi, akasema wakizidi 15 wanaongeza mwongozaji. Nikauliza na siafu je? Akacheka, ila akasema hata kuinama kufunga kamba, unamwambia aliye nyuma yako.

Amani nimeiacha kwanza. Jumamosi ya wiki ijayo wanakwenda Magoroto, mchango 50,000. Nimelipa.

Bi Mwana wa Ngamiani
Hilo la njia panda ndilo nililokuwa nalitaka. Nipe namba yao faragha. Bado kuna nafasi?

Mama Shani, Mabawa
Zipo mbili. Gari linatoka Kange saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nani yuko upande huu tushirikiane bajaji?

Kijana wa Makorora
Nafasi moja niandikieni mimi. Bajaji ni ya kaka yangu, nitawapitia wote wawili. Bi Mwana, uwe mlangoni saa kumi na moja kamili, maana honi sipigi, watu wamelala.