MREJESHO: Perege wamefika Kigamboni

Wakuu, niliuliza namna ya kuhamisha perege wa bwawani kutoka Tabata hadi Kigamboni. Asanteni sana. Aliyesema niwanyime chakula siku moja kabla ameniokoa, maji ya pipa yalifika hayajachafuka. Tuliwavua alfajiri kwa chandarua chakavu, tukawatia kwenye maji yao yale yale, wakapanda kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Dereva naye, badala ya daraja akakimbilia pantoni! Kwenye foleni perege wakubwa kadhaa wakaanza kuhema juujuu, midomo nje, wakafa. Mashine ya hewa ya betri sikuipata. Waliobaki wako kwenye simtanki, wanakula vizuri. Bwawa jipya la saruji bado nalibadilishia maji, chokaa ya saruji inayodhuru samaki haijaisha. Mkuu uliyeshauri kutia chumvi kwenye maji, yako sikuijaribu, usinune.