Ati "hukutumwa kuhesabu kuku waliokufa"!!

Wadau, sijafika hata kwa geti ya hoteli na mikono bado inatetemeka. Yule mzee mnamjua, simtaji, yule wa suti za kaunda mwenye hufungua kila mkutano na maombi ya masaa matatu. Leo kwa mkutano wa ripoti ya ule mradi wa kuku wa wajane, mbele ya watu wote, chai ya saa nne iko mezani, ameniangalia hivi akasema "Kijana, ulitumwa kukusanya data, hukutumwa kuhesabu kuku waliokufa."

Kuku waliokufa! Na mradi ni wa KUKU! Sasa nihesabu nini, viboko wa ziwani kule Dunga?

Tumezunguka Seme yote na tableti, vumbi mpaka kwa meno, kila boma ya mjane tunauliza ulipewa kuku wangapi, sai wako wangapi. Mama mmoja mzee akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha kile kibanda cha kuku cha mradi, mlango umefungwa na kamba ya katani, ndani ameweka kuni. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, ilipita ikafagia wote, mtu wa chanjo hakuwahi kanyaga hapo. Nikaandika vile alisema. Kwa ripoti imetoka "kibanda kinatumika". KINATUMIKA! Na kuni!

Na kila mtu anajua ni kwa nini, awamu ya pili inangoja sahihi ya mfadhili, kampuni iliyotuajiri nayo inataka kazi ingine mwakani, chifu naye amekaa hapo kando ya mahojiano na mama anamwangalia yeye kwanza ndio ajibu, anaogopa jina litolewe kwa orodha ya msaada unaokuja. Ukweli utatokea wapi hapo? Nikauliza tu hivyo, ndio nikaambiwa hukutumwa kuhesabu kuku waliokufa. Mtu kitambi kinafika Maseno kabla yeye atoke Kisumu!

OmenaKavu: Kwani ulitaka akuambie nini, asante kijana kwa kunifuta kazi? Kunywa chai utulie.

MtuWaBusia: Mtoa uzi ana pointi. Huku kwetu miaka ya 1990 akina Kremer, yule mchumi wa Marekani, walipeleka vitabu mashuleni, wakapima, wakasema wazi alama za wastani hazikupanda, wenye walifaidika ni wale walikuwa wakali tayari, juu vitabu ni vya Kiingereza. Walisema na hakuna aliyekufa. Kremer akapata Nobel 2019. Huyo wenu anaogopa kuku?

OmenaKavu: Kremer hakuwa anatafuta mafuta ya gari ya awamu ya pili.

NyarGem: Msinikumbushe Sauri kule Siaya, kile kijiji cha milenia cha mradi wa kumaliza umaskini. Ati watu wana simu juu ya mradi. Kenya nzima ilikuwa inanunua simu! Mpaka wachumi wengine wakalinganisha na Nyanza yote ndio ikaonekana simu zilipanda kila mahali.

Jakanyadhiang: Na wanakijiji pia wana mambo. 2015 hapa Homa Bay watu wengi walikataa pesa za GiveDirectly, lile shirika la kupea watu pesa mkononi, ati ni za shetani. Ukipima wenye walichukua peke yao, umepima kijiji gani?

MamaPendo: Hizo kuku zilikuwa kuroiler, wale chotara, ama kienyeji? Niko na vifaranga Kondele, wamechanjwa wote.

Mtoa uzi: Mama Pendo tafadhali, naongelea RIPOTI! Mbele ya watu wote! HUKUTUMWA!

OmenaKavu: Tumeskia bana.

KaraniWaLuanda: Wewe angalau ulipewa chai. Sisi nauli ya ile semina ya mwezi jana haijaingia mpaka sai, na mtu wa hesabu hashiki simu.

Shikuku254: Ni ile ya Kakamega? Hata mimi nadai!

KaraniWaLuanda: Hiyo hiyo. Walitusainisha karatasi mbili, moja haina kiasi.

Shikuku254: Wueh! Yangu kiasi kiliandikwa na penseli. Fungua uzi wake, wengine wako hapa wamenyamaza tu.