Biri kwenye baraza za vilabu Nairobi: ziachwe au ziondolewe?

Mwanzisha mada

Hamjambo nyote. Nina swali lililotugawa marafiki watano. Je, biri, zile sigara nene za majani ya tumbaku matupu bila karatasi, ambazo hapa Nairobi tunaziita siga, ziendelee kuvutwa kwenye baraza za vilabu na mikahawa, au ziondolewe mahali popote ambapo kuna mtu aliyeajiriwa kuhudumu?

Mimi mwenyewe ni mvutaji. Miaka sita sasa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tunakutana kwenye baraza moja upande wa Kilimani. Kila mtu na siga yake, chupa ya whiski katikati, barafu, karanga, na mazungumzo yasiyo na haraka. Sigara ya kawaida mtu huivuta amesimama, dakika tano imekwisha. Siga ya aina ya robusto, urefu wake milimita 124, inakula karibu saa nzima, na ukiivuta kwa pupa inapata moto na kuwa chungu. Inakulazimisha kukaa. Ni katika kukaa huko mmoja wetu alitwambia ameachishwa kazi na bado hajamwambia mkewe. Mwingine alitwambia habari ya ugonjwa wa babake. Mambo hayo hayasemwi kwenye foleni ya magari wala kwenye simu. Kwa hiyo sikubali mtu aniambie raha hii ni ya kipuuzi.

Lakini mwezi uliopita binti anayetuhudumia siku zote alikuja mezani amejiziba pua kwa leso. Tukamuuliza kama ana homa. Akasema ni mjamzito, miezi minne, na meneja amempanga zamu ya barazani. Tukaziweka chini siga zetu. Siga haizimwi kwa kukandamizwa kama sigara, unaiacha kwenye kisahani ife yenyewe, na inapokufa inaendelea kutoa moshi. Tulikaa pale tukiutazama ukipanda, na yeye bado anapanga glasi.

Tangu siku ile nasema: tuvute pale tunapojihudumia wenyewe, si kwingine. Wenzangu wawili wanaona nimezidisha. Semeni.

Baba Pacha

Ndugu, nakuheshimu lakini umezidisha kweli. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 haikukataza watu wazima kuvuta. Ilisema wavute katika sehemu zilizotengwa, na anayevuta hadharani nje ya hapo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000 au kufungwa hadi miezi sita, au yote mawili. Sisi tunaotafuta baraza yenye sehemu ya wavutaji tunafanya tulichoambiwa. Simama kituoni Ngong Road saa kumi na mbili jioni uvute ule moshi wa matatu, halafu uje uniambie siga tano chini ya anga ndizo zinazomuumiza binti wa watu. Isitoshe, siga hatumezi moshi. Unauonja mdomoni, unautoa.

Mwanzisha mada

Hoja ya kutomeza moshi niliishikilia miaka mingi, kwa hiyo naomba niijibu taratibu. Moshi wa siga una ualkali, yaani kinyume cha uasidi, zaidi kuliko wa sigara, ndiyo maana nikotini yake inapenya kwenye ngozi ya mdomo bila kufika mapafuni. Siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na ya pakiti nzima ya sigara. Saratani za mdomo, koo na umio zinahusishwa na siga hata kwa wasiomeza. Hiyo ni hatari yangu, nimeichagua.

Ya mhudumu ni nyingine. Yeye havuti ule moshi ninaouonja mimi. Anavuta unaotoka kwenye ncha inayowaka, saa nzima, mara meza tano. Na yeye anameza, kwa sababu anapumua kama mtu yeyote. Kuhusu matatu una haki, moshi ule ni balaa. Lakini binti huyo anaupata ule pia akienda kazini, halafu tunamwongezea wetu.

Mkaazi wa Pangani

Kabla hamjaendelea, niulize jambo ambalo hakuna anayetaka kuliuliza. Desemba 2017 waziri wa afya wa wakati huo, Cleopa Mailu, alipiga marufuku shisha: kuingiza, kuuza, kutangaza, kuvuta, yote. Vijana wa huku kwetu walikamatwa usiku na kupakiwa kwenye malori. Mwaka 2024 mahakama ya Shanzu, kule Mombasa, ikaona marufuku hiyo haikufuata utaratibu, maana kanuni zake hazikufikishwa bungeni. Miaka yote hiyo, nani aliyewahi kusikia msako wa siga kwenye mitaa ya wenye pesa, kule Karen au Lavington?

Sitetei shisha. Kakangu mdogo aliivuta mpaka akawa hawezi kupanda ngazi bila kupumzika, na nilifurahi ilipokatazwa. Ninachosema ni kwamba tumbaku ni tumbaku. Kama moshi wa kijana wa Eastleigh unaletewa polisi, na moshi wa mzee mwenye whiski unaletewa kisahani safi, basi hatujadili afya hapa.

Baba Pacha

Hapo sina jibu. Uonevu ulikuwepo. Ila dawa yake si kutuonea sote kwa usawa.

Mtoto wa Kuria

Mimi nimesomeshwa na tumbaku iliyolimwa nyumbani, kwa hiyo nisikilizwe kidogo. Ya kwetu ilikuwa ya sigara. Majani ya siga mnazovuta hutoka Kuba, Nikaragua, Jamhuri ya Dominika, na lile la nje kabisa wakati mwingine hutoka Kameruni. Lakini mmea ni ule ule.

Mama alikuwa akitoka shambani asubuhi za umande akitapika, kichwa kinamzunguka. Tukimpa dawa za malaria. Nilikuja kujua ukubwani kwamba nikotini ya jani bichi lenye maji hupenya kwenye ngozi ya mikono. Halafu kukausha: banda linawashiwa kuni usiku na mchana, na sisi watoto ndio tuliokesha kuchochea. Miti yetu iliishia humo. Siku hizi Migori, kaunti yetu, kuna wakulima waliohamia maharage yenye madini ya chuma kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, na baadhi ya majirani zetu wamo.

Basi mnapozungumzia mhudumu, mkumbuke kwamba mkono wa kwanza kuumia haukuwa wa Kilimani. Sijasema msivute. Ila neno "starehe" linanipa tabu kulitamka.

Mwenye Baraza

Nina baa, sitasema wapi. Meza ya siga inakaa saa tatu na kulipa mara mbili ya meza ya bia. Nikiwaondoa, wanahamia kwa jirani na mimi nabaki na kodi ya nyumba. Sheria ikitukataza sote siku moja, nitafuata bila neno. Kunitaka nianze peke yangu ni kunitaka nifunge.

Mhudumu wa Usiku

Nimesoma yote. Mimi ni weita, miaka tisa sasa, Westlands na kwingineko. Kwanza, msituulize mbele ya meneja kama moshi unatusumbua. Tutasema hakuna shida. Pili, Mwanzisha mada, nia yako ni nzuri lakini hujataja pesa. Meza ya siga ndiyo inayonipa bakshishi kubwa kuliko zote. Usiku mmoja mzuri ni nauli ya wiki nzima. Ukiwaondoa wateja hao bila kufikiria hilo, umenilinda kifua na kuninyima unga.

Lakini mjue pia ninavyoishi. Nafika Kangemi saa tisa usiku, navua nguo mlangoni kabla sijamshika mtoto. Kitambaa cha kichwa nakifua kila siku. Kuna mwenzetu mwenye pumu aliyeomba kubadilishiwa zamu, wiki iliyofuata jina lake halikuwa kwenye ratiba kabisa. Kwa hiyo wanaosema mhudumu anaweza kukataa, hawajawahi kukataa wakiwa na kodi ya kulipa.

Mimi ningetaka mambo mepesi. Anayevuta aje kaunta kuchukua kinywaji chake. Meza za siga ziwe mbali na mlango wa jikoni, maana upepo wa jioni huingiza moshi wote ndani na huko kuna watu sita. Na zamu ya barazani iwe ya anayeitaka, asiyeitaka asipoteze kazi.

Mwanzisha mada

Dada, asante. Ni kweli, sikutaja pesa, na nilipaswa kuanzia hapo. Jana niliwasomea wenzangu maneno yako. Tumekubaliana watatu. Jumamosi ijayo tunaomba meza ya mwisho kando ya ua, kila mtu anajiletea kinywaji, na bakshishi ile ile tunaiacha kaunta igawanywe kwa wote, wa jikoni wakiwemo. Wawili bado wanasema nimewaharibia. Msimamo wangu kwamba sheria ilinde mfanyakazi kabla ya mvutaji haujabadilika, lakini siwezi kungoja bunge nikiwa nimeshika kiberiti.

Mwenye Baraza, hili halikupotezei mteja. Ungelijaribu mwezi mmoja?

Mwenye Baraza

Mwezi mmoja naweza. Ya zamu siahidi.

Mwanzisha mada

Tuanzie hapo, na hilo la zamu nitakuuliza tena. Dada, swali la mwisho: visahani vya majivu tuviache mezani au tumwage wenyewe?

Mhudumu wa Usiku

Mwageni wenyewe, kaka. Na mtie maji kwanza. Lile pipa huwa liko chini ya dirisha la jikoni.