Eti "diski ni diski tu"! Huyu muuzaji wa diski za seva anatuona mabwege?

NyayaFupi (mwanzisha uzi)

Wakuu, jina simtaji, mnamjua. Yule yule wa "diski za seva, kazi ngumu, saa 24", ambaye kila anayeuliza humu anaelekezwa kwake. Leo kaulizwa swali jepesi kuliko yote duniani: hizi TB 8 ni CMR au SMR? Jibu lake neno kwa neno: "Bosi, diski ni diski tu. Ikiwa na nafasi inaandika."

Diski ni diski tu! Anayeuza diski za seva ndiye anasema hivyo!

Sasa kwa faida ya wasiojua kwa nini povu linanitoka. Kwenye CMR kila njia ya data kwenye sahani imekaa peke yake. Kwenye SMR njia hizo zimepandiana kama vigae vya paa. Ukitaka kubadilisha kipande kimoja, diski inalazimika kuandika upya ukanda mzima, na ukanda kwa kawaida ni MB 256. Aibu hiyo inafichwa na sehemu ndogo ya CMR inayopokea data kwanza, ndiyo maana ukinakili mafaili mawili matatu huoni kitu, na muuzaji anatabasamu. Iweke kwenye RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja na kulindana), diski mwenzake ife, uanze kujenga upya. Data inamiminwa saa baada ya saa bila kupumua, ile sehemu inajaa, kasi inaporomoka kutoka MB 180 kwa sekunde hadi MB chache. Diski inachelewa kujibu, kontrola (kisimamizi cha RAID) inaihesabu imekufa na kuitupa nje. Kama ni RAID 5, inayovumilia kufa kwa diski moja tu, umeshapoteza diski mbili. Kwaheri data. Halafu mtu anakuambia diski ni diski tu, ikiwa na nafasi inaandika!

Alipobanwa akatuma picha ya `lsblk -o NAME,ZONED` (amri ya Linux ya kuorodhesha diski) inayoonyesha "none", eti huo ndio ushahidi kwamba ni CMR. Jamani! Hiyo "none" maana yake diski haijajitangaza kwa mfumo, basi. SMR zinazojisimamia zenyewe, ambazo ndizo zinazotuumiza, zote zinaonyesha "none". Yaani ushahidi wake ni uongo ule ule wa diski.

Na hili si jambo geni. Mwaka 2020 watengenezaji watatu wakubwa walikiri kwamba baadhi ya diski zao zilikuwa SMR bila kuandikwa popote, tena nyingine ziliuzwa kwa ajili ya RAID. Tangu hapo mnunuzi yeyote wa seva anauliza CMR au SMR kabla hata ya salamu. Wewe unauza diski, unaulizwa, unajibu "diski ni diski tu". Bosi!! Na ile "bosi" ndiyo iliyonichefua zaidi.

MzeeWaRaki

Povu lote hili na namba ya modeli hujaweka. Mkuu, namba ya modeli nzima, pamoja na herufi za mwisho, unaitafuta kwenye datashiti ya mtengenezaji. Herufi mbili za mwisho zinaweza kutenganisha CMR na SMR ndani ya familia moja, ukubwa ule ule, stika ya rangi ile ile. Muuzaji haulizwi.

NyayaFupi

Muuzaji haulizwi? Anauza nini sasa, nyanya? Kazi yake ni kujua!

BintiKontrola

Kabla hujaiingiza diski kwenye kundi la RAID, ipime mwenyewe. Hii inafuta kila kitu, kwa hiyo ni kwa diski tupu tu:

`fio --name=smr --filename=/dev/sdX --rw=randwrite --bs=64k --direct=1 --ioengine=libaio --iodepth=8 --time_based --runtime=2h`

Usiangalie wastani, angalia mchoro wa kasi kadiri muda unavyokwenda. CMR inakaa palepale. SMR inaanza vizuri ajabu, kisha inaanguka na haiinuki mpaka uiache ipumzike. Dalili nyingine ni `hdparm -I`: diski ya sahani ikijitangaza ina TRIM (amri ya kutupa data isiyotumika, kawaida ya SSD), shtuka. Isipojitangaza, bado hujasalimika, maana si SMR zote zinazosema.

SektaMbovu

Mnahangaika na SMR wakati kinachotoa diski nyingi kwenye RAID ni muda wa kusamehe kosa. Diski ya deskitopu ikikutana na sekta mbovu inaweza kung'ang'ana nayo hata zaidi ya dakika nzima. Kwenye Linux, kernel (kiini cha mfumo) inasubiri sekunde 30 tu, baada ya hapo inaanza kuianzisha diski upya, kumbe diski ni nzima. Diski ya seva inakata tamaa baada ya sekunde 7 na kuiachia RAID isome nakala nyingine.

`smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdX`

Namba ni sehemu za kumi za sekunde, kwa hiyo 70 ni sekunde 7. Diski nyingi zinasahau zikizimwa, iweke kwenye skripti ya kuwashia. Ikikataa kabisa, ongeza subira ya kernel: `echo 180 > /sys/block/sdX/device/timeout`. Hilo nalo mngemuuliza huyo wenu.

NyayaFupi

Angejibu nini? Diski ni diski tu!

Sahani7200

Mtoa mada kanunua bei ya chini akitegemea mambo ya juu. Diski halisi ya seva inaandikwa mzigo wa TB 550 kwa mwaka, ya NAS (sanduku la hifadhi la mtandao) ya kawaida TB 180, ya deskitopu mara nyingi TB 55. Kosa lisilosomeka: moja kwa biti 10^15 kwa ya seva, dhidi ya 10^14 kwa ya deskitopu. Biti 10^14 ni TB 12.5 tu, unazipita kwa kusoma diski moja kubwa mara moja.

MzeeWaRaki

@Sahani7200 hicho ni kikomo anachoahidi mtengenezaji, si ratiba ya kufa. Diski nyingi zinasoma zaidi ya hapo bila kosa. Ila kwa TB 16 RAID 5 ni kujitakia. Hesabu: TB 16 kwa MB 250 kwa sekunde ni karibu saa 18 kama seva haifanyi kazi nyingine yoyote, na njia za ndani ya sahani ni za polepole zaidi. RAID 6 (inavumilia diski mbili kufa), na diski zisiwe za toleo moja zote.

KeboYaBluu

Afadhali SMR. Mimi nalia na wanaouza SAS (diski za seva zenye kiunganishi chake) zilizotolewa kwenye masanduku makubwa ya hifadhi bila kusema sekta zake ni baiti 520 badala ya 512. Mfumo unaiona diski, ukubwa unasoma sifuri, mtu anadhani kauziwa maiti. `sg_format --format --size=512 /dev/sgX`, subiri masaa, na umeme usikatike katikati.

BintiKontrola

Na diski mpya za SATA (kiunganishi cha kawaida cha kompyuta) zisizowaka kabisa! Pini ya 3 ya umeme siku hizi ni ya kuzimia diski, na pawasaplai za zamani zinaipelekea volti 3.3 muda wote. Diski inabaki imezimwa. Ziba pini hiyo kwa utepe wa Kapton, au tumia kebo isiyo na waya wa 3.3. Diski nzima ngapi zimerudishwa kwa ujinga huu!

SektaMbovu

Mbaya kuliko yote ni za mtumba zilizofutwa saa za kazi kwenye SMART (kumbukumbu ya afya ndani ya diski), zikauzwa mpya. Ilifumuka Ulaya mwanzoni mwa 2025. Kwa Seagate, `smartctl -l farm` ya toleo 7.4 kwenda juu inasoma FARM, kumbukumbu nyingine ya Seagate, na kuonyesha saa halisi. SMART ikisema 3 na FARM ikasema 20,000, rudisha siku hiyo hiyo.

Sahani7200

Badblocks (programu ya kutafuta sekta mbovu) nayo: ukiweka `-b 4096` kwenye diski inayozidi TB 17.6 inakataa, namba za bloku zimeisha. Weka `-b 8192`.

NyayaFupi

Wakuu, uzi ni wa yule muuzaji. "Ikiwa na nafasi inaandika." Hakuna anayeliona hili?

KeboYaBluu

Tumeliona. Sasa nani ana trei zinazokubali diski kubwa za heliamu? Watengenezaji wamehamisha matundu ya skurubu ya chini, yale ya katikati hayapo tena, na trei za zamani hazishiki.

MzeeWaRaki

Tumia matundu ya ubavuni, mawili kila upande. Skurubu ni 6-32, si M3. Ukilazimisha M3 inacheza, na diski inayocheza kwenye raki ya diski 12 inasoma vibaya kwa mtikisiko.

KeboYaBluu

Trei zangu hazina matundu ya ubavuni.

MzeeWaRaki

Weka picha ya trei.