Mjadala: Levo ya 17 mchawi anamaliza pambano peke yake. Tumpunguze yeye, au tumwongeze mwenye upanga?

MLETA MADA

Wakuu, salaam. Naileta hii tuijadili kwa hoja, maana mezani kwetu imeshaanza kuwanunisha watu.

Sisi tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa kwa dadu, kwa kanuni za 2014, zile za bure zilizowekwa chini ya leseni ya Creative Commons mwaka 2023. Tumeziprinti steshenari, zinatutosha. Tunakutana Jumamosi, Sinza. Mashujaa wamefika levo ya 17, na msimamizi wa mchezo, anayesimulia hadithi na kuwachezesha maadui, ni mimi. Juzi niliwaletea jitu nililoliandaa wiki nzima. Mchawi, zamu yake ya kwanza tu, akalifungia ndani ya Forcecage, kizimba cha uchawi. Kwa kanuni hizo, unaponaswa hutupi dadu ya kujiokoa na uchawi, mchawi halazimiki kushikilia umakini (yaani uchawi hauvunjiki hata akipigwa), na kizimba kinadumu saa nzima. Jitu halina uchawi wa kujihamisha. Basi, limekwisha. Mwenye upanga akabaki anazungusha dadu zake mezani.

Zikazuka kambi mbili. Moja inataka nimkate mchawi makucha, nyingine inataka mpiganaji, yaani huyo mwenye upanga, apewe panga la maajabu. Mimi naona zote mbili zinakuna pasipowasha.

Tazameni hesabu. Mpiganaji wa levo ya 17 anapiga mara tatu kwa zamu. Upanga wa mikono miwili unamtoa adui uhai wa wastani wa 7, ongeza 5 ya nguvu zake, ni 12 kwa pigo. Tena anaweza kujichukulia tendo la ziada, yaani mapigo matatu mengine, mara mbili kabla hajapumzika. Pambano la raundi nne kwake ni mapigo 18, yaani 216 yakipata yote, na silaha hiyo haina hata chembe ya uchawi. Meteor Swarm, uchawi wa daraja la 9 ambalo mchawi ana nafasi moja tu (yaani kuloga mara moja) kwa siku, wastani wake ni 140 kwa adui mmoja, na akijiokoa ni nusu. Umati wa maadui ni habari nyingine, ila kwa kumwaga damu ya bosi mmoja mwenye upanga hayuko nyuma.

Tatizo ni siku. Kitabu cha msimamizi cha 2014 kinakadiria kwamba kundi linahimili mapambano sita hadi nane, ya wastani au magumu, kabla ya kulala. Mchawi wa levo ya 17 ana nafasi 19 za uchawi kwa siku, na akilala zinarudi zote. Zitandaze kwenye mapambano sita ya raundi nne nne, raundi 24 hizo, lazima abane matumizi. Sisi tunafanyaje? Tunaanza saa nane mchana, pambano moja la levo hii linakula saa tatu, wa Mbagala anawaza foleni ya Barabara ya Kilwa, wa Kigamboni anawaza kivuko, nami nasema "mmelala, mmeamka wazima" tunafunga. Pambano moja, siku moja. Mchawi anakuwa na nafasi 19 za kutumia kwenye zamu nne! Na mpiganaji tunamdhulumu, kwa sababu matendo yake ya ziada yanarudi kwa mapumziko mafupi, ambayo hatumpi kabisa.

Hoja yangu: siku ya kwenye hadithi isifungwe na Jumamosi yetu. Siku moja ya mashujaa ichezwe Jumamosi tatu au nne, kila mtu aandike daftarini alichobakiza. Kanuni nisiguse hata moja. Pingeni.

MWENYE UPANGA

Mkuu, umeongea vizuri ila umeruka kitu. Mimi mwaka wote huu nacheza mpiganaji, na mapambano sita kwa siku yananimaliza mimi kabla ya mchawi. Yeye kasimama nyuma, mimi ndiye ninayetafunwa. Uhai wangu nao ni akiba. Ukiisha, anayenirudishia ni nani? Kuhani, kwa uchawi.

Halafu, nani anaamua siku iishe lini? Mchawi akiona nafasi zimepungua anafungua Magnificent Mansion, jumba la kichawi, tunaingia, mna mpaka vyakula na watumishi, tunalala saa zetu nane, asubuhi amejaa upya. Au anapiga Teleport, uchawi wa kujihamisha, tunarudi mjini. Kwenye karatasi ya uwezo wangu hakuna mahali palipoandikwa "siku inaendelea". Ukitaka hoja yako isimame, adui awe na saa yake: tukilala, mateka wanachinjwa, tukirudi mjini, lango linafunguka. Bila hivyo daftari lako litajaa maandishi tu.

MPITA NJIA

Mnagombania panga la mtu ambaye hayupo. Endeleeni, nimeshavuta kigoda.

KITABU CHA ZAMANI

Vijana, mkitaka kujua ugonjwa ulianza lini, angalieni matoleo. Kwa kanuni za 1978 mchawi alitupa dadu ya pande nne tu kupata uhai wake, na akipigwa katikati ya kutamka, uchawi unapotea. Ndiyo maana kusimama mbele ilikuwa kazi ya maana, si mapambo. Pia uwezo wa kujiokoa ulipanda kwa levo ya anayelogwa, bila kujali anayeloga ni nani. Mpiganaji mkongwe alikuwa mgumu kulogeka. Akifika levo ya 9, akijenga ngome, askari wanakuja wenyewe kumtumikia. Mmoja ana uchawi, mwenzake ana jeshi.

Toleo la tatu, mwaka 2000, likazing'oa nguzo hizo karibu zote. Ugumu wa kujiokoa ukaanza kupanda kwa akili ya mchawi na daraja la uchawi wenyewe. Mchawi akapewa namna ya kutamka kwa tahadhari adui akiwa puani. Jeshi la bure likafutwa kwenye stahili za mpiganaji. Toleo la nne, 2008, likasawazisha kwa nguvu: awe na upanga, awe na fimbo, kila mtu ana mbinu za kila zamu, za kila pambano na za kila siku. Mizani ikakaa, na watu wakalalamika kwamba wote sasa wamefanana. Kwa hiyo, mleta mada, siku ndefu ni nguzo moja tu kati ya zilizoanguka. Mimi ningerudisha kwanza ile ya kukatiza uchawi.

DADA WA TABATA

Samahanini kaka zangu, na mchawi naye asikilizwe. Levo ya 1 nilikuwa na nafasi mbili za uchawi na uhai wa kifaranga. Nikianguka mnacheka. Leo nimefika, mnataka nikatwe.

Huo umakini mnauona mwepesi kwa sababu haukai kichwani mwenu. Uchawi unaohitaji umakini naweza kushikilia mmoja tu kwa wakati, na kila nikipigwa natupa dadu: ugumu ni 10 au nusu ya maumivu, kilicho kikubwa. Joka likinitoa 60 natakiwa nipate 30. Kwa dadu ya pande ishirini na nyongeza zangu, 30 siifikii. Kukatizwa kupo, Kitabu cha Zamani, ila wasimamizi wananionea huruma hawanilengi. Leteni wapiga mishale. Leteni maadui waliosambaa, na mmoja wao awe na Counterspell, uchawi wa kuzima uchawi. Jitu moja, peke yake, uwanjani peupe, hilo mmenikaribisha wenyewe.

Forcecage chukueni, siitetei. Hata toleo la 2024 limeuwekea umakini. Lakini msitoe hukumu ya wachawi wote kwa sababu ya uchawi mmoja ulioandikwa vibaya.

PWANI HALISI

Mnahesabu mapigo tu. Mpiganaji wa levo ya 17 kwenye vitabu hivi ni askari wa levo ya 5 aliyeongezewa pigo moja na uhai. Shujaa kwetu ni Fumo Liyongo. Alipofungwa hakuwa na Teleport. Alimtuma kijakazi Saada kwa mama yake kwa wimbo, tupa ikaja ndani ya mkate wa wishwa, na mlio wa kukata pingu ukafunikwa na kelele za ngoma ya gungu aliyoiomba mwenyewe. Silaha haikumdhuru ila sindano ya shaba kitovuni, na ilibidi mwanawe mwenyewe amsaliti. Hata alipokufa alikuwa kapiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, watu wakashindwa kuteka maji wakidhani yu hai.

Nafasi za uchawi: sifuri. Na Sultani aliyemfunga hapati usingizi. Sasa niambieni kwa nini mpiganaji wa levo ya 17 ngozi yake iingiwe na kisu cha mlinzi wa geti.

MWALIMU WA HESABU

Kuna jambo hamjaligusa. Mabosi wengi wa levo hizi wana kinga: mara tatu kwa siku bosi akishindwa kujiokoa anaamua tu kwamba amejiokoa. Matokeo yake mezani kuna mbio mbili. Mpiganaji anakimbizana na uhai wa bosi, mchawi anakimbizana na zile kinga tatu. Kinga zikiisha kwanza, uchawi wa nne unammaliza bosi, na mapigo yote ya upanga yamekuwa kazi bure. Uhai ukiisha kwanza, zamu tatu za mchawi zimekwenda na maji. Hawa wawili hawasaidiani hata kidogo! Ndiyo maana wananuniana.

Kwangu nimeunganisha mbio. Mpiganaji akipata mapigo yake yote matatu kwa bosi mmoja ndani ya zamu moja, anaruhusiwa kuacha maumivu ya pigo la mwisho na badala yake kumvunjia bosi kinga moja. Ghafla mchawi anamshangilia mwenye upanga na kumwongezea kasi kwa uchawi badala ya kucheza peke yake. Wenzetu wa Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, toleo la pili la 2019, walipita njia nyingine: uchawi wa kumlemaza adui unapungua makali kwa ngazi moja kama levo ya adui imezidi mara mbili ya daraja la uchawi. Inafanya kazi, lakini inamnyima mchawi bila kumpa mpiganaji kitu. Bora yangu.

MLETA MADA

Mwenye Upanga, la saa ya adui nimelichukua, na nakiri bila hilo mchawi ndiye mwenye kalenda. Mwalimu, la kinga tunalijaribu Jumamosi hii. Pwani Halisi, ngozi isiyoingiwa na chuma sitaki, maana nitalazimika kumpa kila mlinzi sindano ya shaba. Mimi namtaka Liyongo wa gerezani, yule wa akili. Toleo la 2024 limeanza kuelekea huko: mpiganaji akishindwa jaribio la uwezo anaweza kutumia pumzi yake ya pili, ule uwezo wake wa kujiponya, kuongeza dadu ya pande kumi. Hicho nakiazima.

DADA WA TABATA

Swali kabla hujafunga. Siku moja Jumamosi nne, mtu asipokuja ya pili, nafasi zake za uchawi nani anazitumia? Na hiyo ya kuvunja kinga, mpiga mishale naye anayo, au ni upanga tu?

MLETA MADA

Asiyekuja, shujaa wake analinda mizigo, na daftari lake halifunguliwi. Mpiga mishale akipata mapigo matatu kwa bosi mmoja, anayo. Na wewe, Dada, jiandae: wapiga mishale uliowaomba nimeshawaandika.