Naombeni ushauri: naenda nyumbani kusaidia kupiga chapa ndama, nijiandae vipi?

Kitindamimba:
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa mliokulia zizini. Kaka yangu mkubwa kanipigia simu niende nyumbani Handeni wiki ijayo, tunapiga chapa ndama wote wa mwaka huu. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya wanaume, mimi nilikuwa nachota maji tu na kuchungulia kwa mbali. Safari hii nitakaa na daftari niandike rangi ya kila ndama, jinsia yake na mama yake, na wakizidiwa nishike miguu. Chuma nimeshachongesha, ruhusa kazini nimepata. Ila tangu simu ile sina usingizi. Nikilala nasikia harufu ya manyoya yanayoungua. Je, ndama anaumia sana? Chuma kiwe cha moto kiasi gani? Nivae nini? Matusi hapana tafadhali.

Kisiki_cha_Mpingo:
Siti ya mbele nimekaa. Supu ya kongoro itakuwepo?

MzeeWaJosho:
Binti karibu. Chuma kikiwa chekundu msikiguse kwa ndama, kitawasha manyoya na kula mpaka nyama. Kiacheni kipoe kidogo kipate rangi ya majivu. Bandika sekunde tatu hadi tano, mkono usitetereke, ondoa. Ngozi iwe kavu. Ndama aliyelowa anaunguzwa na mvuke na herufi zinatawanyika. Anzeni asubuhi kabla jua halijawa kali, na uvae buti.

Mwaka 2017, kwenye ile kampeni ya serikali ya kupiga chapa ng'ombe nchi nzima, mimi ndiye nilikuwa nashika chuma kijijini kwetu. Mwisho ulikuwa tarehe 31 Desemba kabla hawajaongeza muda. Sasa Mtanzania na siku ya mwisho unamjua: watu walikuja wote pamoja, mvua juu, ng'ombe wamelowa chapachapa. Hadi leo kuna wengine ukitazama paja hujui kama ile ni herufi au alikoswakoswa na fisi. Hapo ndipo nilipopigwa teke la goti, na goti hilo sasa linanitabiria mvua.

Daktari_wa_Porini:
Nakazia. Msipige ubavuni wala mgongoni, mnaharibu sehemu nzuri ya ngozi. Shavuni, shingoni au chini ya goti panatosha. Kama siku hiyo kuna kuhasi na kukata pembe pia, gawanyeni, ndama mdogo asibebeshwe yote kwa mkupuo. Na wewe wa daftari: kama mitamba, yaani majike ambayo hayajazaa, itachanjwa dhidi ya ugonjwa wa kutupa mimba, kaa mbali na sindano. Chanjo inayotumika sana kwa mitamba ni ya vimelea hai, ikikuchoma kwa bahati mbaya unaweza kuugua wewe.

Mama_Nyasi:
Mimi sielewi. Karne hii bado tunamchoma kiumbe wa Mungu kwa chuma? Hereni za kielektroniki zipo. Kampeni ya chanjo na utambuzi imezinduliwa Bariadi Juni 2025, mnangoja nini?

Wakala_wa_Mnadani:
Mama Nyasi, mwizi ana kisu. Hereni anaikata na kipande cha sikio, ng'ombe anaingia mnadani kama hana kwao. Chapa ya moto haikatwi.

Mleta mada, nina swali dogo. Chapa ya nani?

Kitindamimba:
Asanteni sana MzeeWaJosho na Daktari, nimeandika yote. Vipi kuhusu glovu, za ngozi au za kawaida?

Wakala_wa_Mnadani:
Za ngozi. Chapa ya nani?

Kitindamimba:
Ya familia.

Wakala_wa_Mnadani:
Familia yenye ng'ombe wa kutosha kuitisha watoto kutoka mjini haikosi chuma chake. Cha zamani kiko wapi mpaka mchongeshe kipya? Na kipya kina herufi gani? Usinijibu habari za glovu.

Kitindamimba:
Jamani si mahakama hapa. Haya. Baba alifariki mwezi wa tatu. Chuma chake kipo, kimetundikwa stoo. Hiki kipya kina herufi za kaka, maana yeye ndiye anayebaki na mifugo pale nyumbani. Mimi nimeuliza habari za ndama kuumia, sikuuliza mirathi.

Kisiki_cha_Mpingo:
Nimesogeza kiti mbele zaidi.

WakiliMtaa:
Msimamizi wa mirathi ameshateuliwa? Kikao cha ukoo kimekaa? Mahakama ya Mwanzo wameenda?

Kitindamimba:
Bado. Kaka anasema mambo ya mahakama yanakula ng'ombe kuliko simba. Na wizi umezidi, wiki mbili zilizopita jirani kachukuliwa mitamba. Tukisubiri karatasi tutabaki na zizi tupu.

WakiliMtaa:
Basi hao ndama wana mwenyewe, ni mirathi ya marehemu, haijagawanywa. Msimamizi akiteuliwa ana wajibu wa kupeleka mahakamani orodha ya mali zote, kwa Mahakama ya Mwanzo ndiyo ile Fomu Na. 5. Akifika zizini akakuta kizazi kizima kina herufi za mtu mmoja, ataandika nini? Tena kuna Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010. Alama kwenye ng'ombe ni madai ya umiliki. Mnataka kulinda dhidi ya wezi? Chuma cha marehemu si kipo stoo? Kipasheni moto hicho hicho.

Kitindamimba:
Lakini ndama wengi wamezaliwa baada ya mazishi. Hao baba hata hakuwaona. Wanakuwaje wake?

WakiliMtaa:
Mama zao ni wa nani? Ng'ombe wa mirathi akizaa, amezaa ndani ya mirathi.

MzeeWaJosho:
Hili limenigusa. Baba yangu alipoondoka, baba mkubwa alikuja na vijana na chuma chake, akasema anatuhifadhia mpaka tukue. Tumekua. Nilipokwenda kudai nikaambiwa nionyeshe yupi ana chapa ya baba. Kilichotuokoa ni kidogo sana: mzee alikuwa amechanja baadhi dhidi ya ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, wana zile hereni za chanjo masikioni, na mchanjaji alikuwa na daftari lenye jina la mzee. Tulirudishiwa hao tu.

Mama_Nyasi:
Ndugu hawana maana. Mimi wifi yangu alichukua hadi masufuria.

Daktari_wa_Porini:
Tusitoke nje ya mada. Mama yenu anasemaje?

Kitindamimba:
Mama hajaambiwa, ana presha. Na msimhukumu kaka. Huyu ndiye aliyeacha shule akachunga ili mimi nisome. Hata ada ya chuo ilitoka kwa ng'ombe aliowapeleka mnadani kwa miguu. Kama kuna mtu anastahili ni yeye.

Jicho_la_Tatu:
Wakuu mnapigwa changa la macho. Rudini posti ya kwanza: "Chuma NIMESHACHONGESHA." Mtu anayekosa usingizi kwa kumwonea huruma ndama, ndiye huyo huyo kapeleka herufi kwa fundi? Kila akiguswa kuhusu kaka anawaka. Huyu ndiye kaka mwenyewe, kaja kupima upepo kwa sauti ya dada.

Kisiki_cha_Mpingo:
Duh! Shikamoo kaka.

Mama_Nyasi:
Mimi nilihisi tangu mwanzo. Dada wa kweli angeuliza habari za chakula cha watu siku hiyo, si rangi ya chuma.

MzeeWaJosho:
Kama ni kaka, nimekupa hadi sekunde za kubandika. Mungu anaona.

Kitindamimba:
Mimi ni mwanamke na ni wa mwisho kuzaliwa, tupo sita. Kaka alinitumia picha ya herufi, kule kijijini hakuna fundi wa kuchomelea anayeaminika, nikamlipa fundi hapa Dar. Hela ni yangu. Ndiyo, nilijua herufi ni za nani wakati nalipa. Na kabla Jicho halijaja na mengine: kaka ameniahidi mitamba minne. Anasema mtoto wa kike kwa mila zetu angetoka mikono mitupu, yeye anajaribu kunitendea haki. Mnataka nikatae?

Wakala_wa_Mnadani:
Kumbe una mitamba minne humu ndani. Sasa nimejua usingizi ulikokwenda.

WakiliMtaa:
Sheria haikuoni mikono mitupu, wewe ni mtoto wa marehemu na una fungu lako. Minne inaweza kuwa pungufu ya unachostahili, na hao ndugu wanne waliobaki wanajua kuna mpango huu?

Kitindamimba:
Wawili wanajua.

MzeeWaJosho:
Binti, nenda. Usiache kwenda. Shika daftari, kila ndama na mama yake kama ulivyosema, ng'ombe wakubwa pia waandike. Mwisho wa siku mwite mama yenu na mwenyekiti wa kitongoji waweke sahihi. Huyo mama mwenye presha amezika mume, daftari halitamuua. Kisha mpasheni moto chuma cha stoo. Hicho kipya usifike nacho.

Kitindamimba:
Chuma nimekituma kwa basi tangu jana.

Jicho_la_Tatu:
Mimi bado nasema ni kaka.

Daktari_wa_Porini:
Awe dada awe kaka, ngozi iwe kavu.

Kisiki_cha_Mpingo:
Mzigo wenye herufi za mpokeaji tayari. Konda hakuhitaji hata kalamu.